Grisi nyeusi na nuru isiyosikia amri

Fundi gari anayeijua kazi yake hahitaji kuelezwa grisi nyeusi ni nini. Si ile ya njano inayopakwa popote panapolia. Ni ile nzito, nyeusi yenye mng'ao wa kijivu, anayoijaza kwa vidole kwenye kiungio cha ekseli ya mbele kabla ya kukivisha mpira wake wenye mikunjo kama kinanda. Ikigusa shati, shati hilo limeshakuwa la gereji. Weusi ule mara nyingi hutokana na unga wa molibdeni disalfaidi, mchanganyiko wa metali ya molibdeni na salfa, na kazi yake pale ni moja tu: kuteleza.

Kuteleza kwenyewe kuna sababu. Madini haya yamejengwa kwa matabaka, na kila tabaka ni safu moja ya atomi za molibdeni iliyobanwa juu na chini na safu mbili za salfa. Ndani ya tabaka atomi zimeshikana barabara. Baina ya tabaka na tabaka hakuna cha maana kinachoyashika. Ni karata mpya zilizotoka kwenye pakiti: sukuma ya juu, inakwenda. Chuma kinachosagana na chuma kinawekewa karata hizo katikati, na gari linatembea.

Je, ukibaki na karata moja tu? Jibu la kueleweka lilipatikana mwaka 2010, na lilitoka kwenye makundi mawili ya Marekani kwa wakati mmoja: la Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walikokuwa Kin Fai Mak na Tony Heinz, na la Berkeley, California, alikokuwa Feng Wang. Walipima tabaka moja, unene wake haufiki nanomita 1, wakakuta kwamba kitu ambacho kikiwa bonge hakitoi nuru ya kutajika, kikiwa karata moja kinang'aa chekundu ukikimulika kwa leza.

Sababu yake inaelezeka kwa mnazi. Elektroni iliyopandishwa juu ikianguka chini hutoa nuru, kwa sharti kwamba kapu la kuipokea liko chini yake barabara. Kwenye bonge la madini haya, na kwenye silikoni inayotengeneza takribani kila chipu duniani, kapu limekaa pembeni: nazi ikianguka haiingii mpaka upepo uisukume, na upepo huo ni mtikisiko wa atomi. Wakati upepo unasubiriwa nishati inapotea kuwa joto. Ukibaki na tabaka moja kapu linasogea lenyewe hadi chini ya mnazi. Silikoni haina bahati hiyo, ndiyo maana leza za kwenye chipu mpaka leo hutengenezwa kwa nyenzo nyingine na kubandikwa.

Vichwa vya habari vilivyofuata tunavijua. Kompyuta ya nuru iko mlangoni, silikoni ichimbiwe kaburi, kila kitu kitakwenda mara elfu. Nimezifuatilia habari hizi kwa miaka kadhaa na nimeanza kuamini tunamshangilia asiyefunga goli. Utando huu wa atomi tatu hautaishinda silikoni kwa mbio, angalau si kwa dalili zilizopo. Kilichomo ndani yake kinazungumzwa kwa sauti ya chini: unaweza kuishika nuru mahali unapoitaka bila kuipasha chipu moto na bila kuila nuru yenyewe. Kwa anayelipa bili ya umeme, hilo ndilo jambo.

Tuanze na haja. Kama unasoma haya Dar es Salaam, Mombasa au Kampala, kuna uwezekano mkubwa kwamba maneno haya yalipita baharini yakiwa nuru. Mkongo wa SEACOM ulifika pwani yetu mwaka 2009, EASSy ukafuata mwaka 2010, na ndani yake kuna nyuzi za kioo zinazobeba nuru isiyoonekana kwa macho, ya urefu wa wimbi wa nanomita 1,550 hivi. Ndani ya kioo kile nuru husafiri makumi ya kilomita kabla ya kuhitaji kuongezwa nguvu. Waya wa shaba, kwa kasi za leo za vituo vya data, unaishiwa pumzi baada ya mita chache. Basi nuru inavuka bahari nzima bila taabu, inafika mlangoni pa kompyuta, inavuliwa viatu na kugeuzwa umeme ili ipite kwenye shaba hadi ndani. Mguu huo wa mwisho, wa sentimita kadhaa, ndio unaochemka.

Shirika la Kimataifa la Nishati lilikadiria kwamba vituo vya data vilitumia terawati-saa 415 hivi mwaka 2024, karibu asilimia 1.5 ya umeme wote wa dunia, na kwamba kwa mwendo wa akili mnemba kiasi hicho kinaweza kufika 945 mwaka 2030. Si umeme wote huo unaokwenda kwenye hesabu. Sehemu inakwenda kwenye uchukuzi, kuhamisha namba kutoka chipu hii hadi ile. Machi 2025 NVIDIA ilitangaza swichi za mtandao ambazo nuru inaletwa hadi ubavuni mwa chipu yenyewe, kwa ushirikiano na TSMC ya Taiwan. Hiyo ilikuwa bidhaa iliyowekewa jina na kupangiwa soko, si ndoto ya maabara. Kwa hiyo swali la kama nuru itaingia kwenye chipu limekwisha. Lililobaki ni la nani ataiendesha ikishaingia.

Na hapa pana ugumu, kwa sababu nuru haisikii amri. Elektroni ina chaji, ukiweka volti inakimbia au inarudi. Fotoni, yaani chembe ya nuru, haina chaji. Washa tochi mbili zipishane gizani: miale inapitana kama hakuna kilichotokea. Ili uiongoze nuru lazima upite kwa mtu wa kati, yaani uibadilishe nyenzo inamopita. Njia ni mbili kwa ujumla. Ya kwanza ni kuimeza: nyenzo inaila nuru, pakawa giza, hiyo ni sifuri; inaacha kuila, pakawa na mwanga, hiyo ni moja. Ya pili ni kuichelewesha. Unaigawa nuru njia mbili, moja unaicheleweshea kidogo, halafu unazikutanisha. Vilele vya wimbi moja vikiangukia kwenye mabonde ya jingine, vyote vinafutana. Vikilingana, nuru inatoka nzima. Njia hii ya pili ndiyo ya kistaarabu, kwa sababu nuru haiuawi, inaelekezwa tu.

Kuchelewesha maana yake ni kubadilisha ile namba inayoonyesha nuru inapunguzwa mwendo kiasi gani ndani ya nyenzo, inayoitwa fahirisi ya mpindo. Silikoni ina njia za kuibadilisha namba hii, na kila njia ina deni lake.

Njia rahisi ni kuipasha moto. Unaweka kiwaya kidogo juu ya mfereji wa nuru, unapitisha umeme, silikoni inapata joto, nuru inachelewa. Inafanya kazi, imezoeleka, na haili nuru. Lakini kipasha-joto kimoja cha kawaida kinataka miliwati 10 hadi 30 ili kuligeuza wimbi kutoka kilele hadi bonde, na kinazitaka muda wote. Ukikizima, nuru inarudi ilikokuwa. Ni kama kuzuia mlango kwa mkono: mlango umefungwa, sawa, ila huwezi kwenda popote. Weka vipasha-joto elfu moja kwenye chipu yenye ukubwa wa ukucha na umeshawasha jiko la wati 10 hadi 30. Mbaya zaidi, joto halijui mipaka. La huyu linamfikia jirani, jirani anahamisha nuru yake bila kuambiwa, na mhandisi anaanza kurekebisha wa tatu kwa sababu ya kosa la wa kwanza. Aliyewahi kupanga chumba kinachopakana na jiko la mama lishe anaelewa.

Njia ya pili ni kuingiza na kutoa chaji ndani ya silikoni. Richard Soref na Brian Bennett waliandika hesabu zake mwaka 1987. Intel waliifikisha juu ya gigahezi 1 mwaka 2004, na mwaka uliofuata kundi la Michal Lipson, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Cornell, likaifinya ndani ya pete ya silikoni yenye kipenyo cha mikromita 12. Pete ya namna hiyo ni babu wa zile zilizomo kwenye swichi za NVIDIA. Ni ya haraka. Ila chaji zilezile zinazochelewesha nuru ndizo zinazoila. Huwezi kupata moja bila nyingine. Kwa modyuleta moja, yaani kifaa kimoja cha kuandika data juu ya nuru, utavumilia. Kwa saketi ambayo nuru inapita vituo 50 mfululizo, kila kituo kikimega kidogo, mwisho wa safari hakuna abiria.

Njia ya tatu ni kuhama nyenzo. Lithiamu niobati ni fuwele safi ya kazi hii. Kundi la Marko Lončar pale Harvard lilionyesha mwaka 2018 kwamba ikifanywa nyembamba inakwenda kasi ya kutisha kwa volti za kawaida za chipu. Lakini kila volti inaisogeza fahirisi yake kwa kiasi kidogo mno. Fanya hesabu mwenyewe: badiliko likiwa moja kwa elfu kumi, nuru ya nanomita 1,550 inabidi itembee karibu milimita 8 ili kilele kiwe bonde. Milimita 8 kwenye chipu ni shamba.

Sasa turudi kwenye karata. Mwaka 2020 kundi la Lipson, safari hii likiwa Columbia, Ipshita Datta akiongoza kazi, lilichukua utando mmoja wa tungsteni disalfaidi, ndugu wa ile grisi yetu, likaulaza juu ya mfereji wa silikoni nitridi na kuuingizia chaji kwa umeme. Fahirisi ya utando ilisogea kwa 0.53. Si moja kwa elfu kumi, ni nusu nzima. Na ile namba nyingine, ya kiasi cha nuru kinacholiwa, ilisogea kwa 0.004 tu. Gawanya, unapata uwiano wa karibu 125, ambao silikoni yenye chaji haiusogelei.

Inakuwaje utando upinde nuru kiasi hicho bila kuila? Ndani ya utando, elektroni iliyopandishwa na tundu iliyoliacha huvutana na kuzungukana, jozi inayoitwa eksitoni. Kwenye bonge la nyenzo ya kawaida mvuto huo hufifishwa na atomi za kandokando, hivi kwamba joto la chumba tu linatosha kuivunja jozi. Kwenye utando hakuna cha juu wala cha chini cha kuufifisha, na jozi inashikana kwa nguvu ya mara kumi au zaidi ya joto la chumba. Eksitoni hizo zina rangi yake: kwenye tungsteni disalfaidi ni karibu na nanomita 620, nyekundu ya machungwa. Ukileta nuru ya rangi hiyo italiwa. Lakini nuru ya mawasiliano ni ya 1,550, mbali kabisa na hapo. Ni mtu aliyekaa mtaa wa pili kutoka kwenye ngoma. Vumbi halimfikii, ila mdundo anausikia. Ukiingiza chaji ngoma inabadilika, na nuru iliyo mbali inabadilika mwendo bila kupata vumbi. Kwangu mimi huo ndio werevu wa kazi ile: kutumia eksitoni kwa kukaa mbali nazo.

Grafini, tabaka moja la atomi za kaboni na mtoto wa kwanza wa ukoo huu, haina adabu hiyo. Tabaka moja la grafini linaila asilimia 2.3 ya nuru inayolipenya, na kwa upana mkubwa wa rangi haichagui. Kwa hiyo modyuleta ya grafini iliyotoka Berkeley mwaka 2011 ilitumia ulaji wenyewe kama swichi. Safi kwa kuzima na kuwasha, haifai kwa kuelekeza.

Nimesema sishangilii kasi, na nieleze kwa nini. Kifaa kile cha 2020 kilipotengenezwa kuwa kapasita kamili, yaani kihifadhi-chaji, utando upande mmoja na upande wa pili kipitishi angavu cha aina inayotumika kwenye vioo vya simu za kugusa, kasi yake haikufika gigahezi 1. Yaani nyenzo mpya ya mwaka 2020 ilikuwa nyuma ya silikoni ya mwaka 2004. Na ile 0.53 inayopendeza kwenye karatasi inapungua ukiifikisha kazini, kwa sababu nuru imejazana ndani ya mfereji wa mamia ya nanomita huku utando ukiwa juu yake, mwembamba kuliko nanomita 1. Kinachougusa ni ukingo tu wa nuru. Kasi inaweza kupandishwa, sikatai, hasa ukipunguza ukinzani wa umeme kwenye maungio. Lakini anayetaka gigahezi 100 leo anajua pa kwenda, na si huku.

Mahali ambapo mambo yanageuka ni kwenye ile picha ya mlango. Kapasita ikishajazwa chaji, imejaa. Haihitaji mkondo ili ibaki hapo. Unalipa unapobadilisha, hulipi unaposhikilia. Umeweka komeo, umeondoka zako. Na kwenye chipu za nuru, kazi ya kushikilia ni kubwa kuliko kazi ya kukimbia, jambo ambalo habari za magazetini haziligusi. Chukua hizo pete za modyuleta. Pete huikubali nuru ya rangi moja mahususi, na nyuzi chache tu za joto zinatosha kuitoa kwenye rangi yake. Kituo cha data hakina joto tulivu. Kwa hiyo kila pete inayoandika mabilioni ya biti kwa sekunde kwa kawaida ina kipasha-joto pembeni kinachofanya kazi ya polepole kuliko zote: kuirudisha pete kwenye mstari, mchana na usiku. Mwandishi ni mwepesi, anayemshikia karatasi ndiye anayekula umeme. Utando wa atomi tatu ungepewa kazi ya kushika karatasi, silikoni ikaachiwa kuandika, nadhani ndoa hiyo ingedumu.

Au tazama safu za vitoa-nuru mamia zinazopangwa ili boriti moja ielekezwe huku na kule bila kioo kinachozunguka, kwa ajili ya macho ya magari yanayojiendesha. Kila kitoa-nuru kinahitaji ucheleweshaji wake, na macho hayo hayahitaji kubadilika mara bilioni kwa sekunde. Yanahitaji mamia ya vicheleweshaji visivyopashana moto. Tazama pia saketi za nuru za kwantamu, ambazo baadhi ya sehemu zake, kama vihisi vya fotoni mojamoja, hukaa kwenye baridi ya nyuzi chache tu juu ya sifuri kamili. Huko kipasha-joto ni matusi. Silikoni iliyopozwa kiasi hicho inakuwa sugu, joto haliigeuzi kama zamani, na kila miliwati unayoimwaga ndani ya jokofu lile inabidi uilipe mara nyingi kuitoa. Wakati huohuo baridi ndiyo inayozipa eksitoni utulivu. Mwaka 2018 makundi ya Harvard na ya ETH Zurich yalionyesha, kila moja kivyake, kwamba tabaka moja la molibdeni diselenidi, ndugu mwingine wa grisi yetu, likipozwa linakuwa kioo cha kujitazamia: atomi tatu zinarudisha sehemu kubwa ya nuru ya rangi yake, na kwa volti unakiwasha na kukizima kioo hicho. Nilipoisoma mara ya kwanza nilirudia aya ile mara mbili. Kioo chembamba kuliko hicho sijui kingetengenezwa na nini.

Basi mbona hakiko dukani? Wengine watakwambia ni fizikia bado. Mimi nasema ni mikono.

Andre Geim na Konstantin Novoselov, walioipata grafini pale Manchester mwaka 2004 na kupewa Nobeli mwaka 2010, walitumia selotepu. Bandika kwenye grafiti, bandua, kunja, bandua tena, mpaka ubaki na karata moja. Kwa sayansi ni njia ya ajabu, kwa sababu maabara maskini na tajiri zinakuwa karibu sawa. Kwa kiwanda ni msiba. Huwezi kumweka kijana na selotepu mbele ya bamba la kutengenezea chipu lenye vifaa mia tano. Njia ya pili ni kuotesha: unaupeleka mvuke wa metali na salfa kwenye tanuri, na utando unajiota wenyewe juu ya bamba. Kundi la Jiwoong Park, wakati huo Cornell, lilionyesha mwaka 2015 kwamba utando unaweza kufunika bamba zima la inchi 4. Lakini uoteshaji mzuri unataka joto ambalo chipu iliyokwisha kujengwa haiwezi kulistahimili, kwa hiyo unaotesha kwingine halafu unauhamisha. Na kuhamisha karatasi ya atomi tatu bila mkunjo, bila ufa, bila povu la hewa, bila uchafu wa gundi uliyoibebea, waulize waliofanya. Aliyewahi kubandika plastiki ya kioo cha simu akaona povu moja katikati amepata theluthi ya uchungu huo.

Kuna na la matandiko. Utando unapendeza ukilazwa baina ya shuka mbili za boroni nitridi, fuwele laini isiyo na chaji za kuusumbua. Kwa miaka mingi maabara nyingi za dunia zimepata shuka bora kutoka kwa watu wawili, Takashi Taniguchi na Kenji Watanabe wa taasisi ya NIMS mjini Tsukuba, Japani, wanaozikuza kwa mashinikizo makubwa na kuzigawa kwa watafiti wenzao. Ukisoma tafiti za eneo hili, majina yao hayakosekani mwishoni mwa orodha ya waandishi. Ni ukarimu wa kupigiwa mfano, na wakati huohuo ni ushahidi kwamba tasnia haijaanza. Tasnia haitegemei wazee wawili wema.

Fedha si kwamba hazijamwagwa. Umoja wa Ulaya uliutengea mradi wa grafini euro bilioni 1 kuanzia mwaka 2013 kwa miaka kumi, na ndani yake ukachipuka mstari wa majaribio wa kuziingiza tando hizi kwenye viwanda vya chipu. Chuo Kikuu cha Fudan, Shanghai, kilitangaza mwaka 2025 prosesa ya biti 32 iliyojengwa kwa tabaka moja la molibdeni disalfaidi, yenye transista 5,900. Kwa kazi ya mikono ni kubwa mno. Kwa kulinganisha, simu iliyo mfukoni mwako inazihesabu kwa mabilioni. Naiheshimu kazi ya Fudan kwa sababu ilithubutu kuhesabu ni transista ngapi zinafaa kwenye bamba zima, si ile moja nzuri iliyopigwa picha. Kwa upande wa nuru bado tunaonyeshwa ile moja nzuri.

Niseme neno kwa wasomaji wa Kigali na Bukavu, maana tungsteni inawahusu. Wolframu, jina lake jingine, inachimbwa Rwanda, Nyakabingo wilayani Rulindo ukiwa mgodi unaojulikana, na inachimbwa mashariki ya Kongo, ambako tangu sheria ya Marekani ya mwaka 2010 kuhusu madini ya migogoro kila gunia linaulizwa limetoka wapi. Usije ukadanganywa na dalali kwamba chipu za nuru zitapandisha bei. Nimepiga hesabu: mita moja ya mraba ya utando wa tungsteni disalfaidi ina kama miligramu 3.5 za tungsteni. Kilo moja inatosha kutandika hekta 28, karibu viwanja 40 vya mpira, na dunia nzima haitahitaji viwanja 40 vya chipu hizi kesho wala keshokutwa. Tungsteni itaendelea kuuzwa kwa ajili ya vichwa vya kekee na vyuma vya kukatia. Thamani ya utando imo kwenye kuutandika, na kutandika hakuchimbwi.

Kwa hiyo nikisoma tangazo jipya huwa naruka aya ya kwanza. Natafuta nuru kiasi gani imeliwa kwa kila kituo, na jaribio lilifanyika kwenye joto gani, la chumbani au la jokofu. Kisha nashuka hadi kwenye picha ya hadubini, kwa sababu tando hizi zikioteshwa huwa zinajiota kwa umbo la pembetatu, na mara nyingi picha hiyo inaonyesha pembetatu moja imelala upande juu ya mfereji wa nuru, ncha yake imepinda kidogo, na pembeni zipo nyingine mbili tatu zilizokosa shabaha. Hapo najua kuna mwanafunzi alikesha na sindano na hadubini kuilaza pale, na kwamba kifaa cha pili cha namna hiyo hakipo. Nasubiri picha isiyokuwa na pembetatu.